Samli Begani mwa Jovita

Kashozi,
Julai 12, 1975

Kwa Baba Jovita, kisiwani Goziba,

Sisi huku hatujambo, natumaini na ziwa limetulia huko uliko. Kahawa ya shamba la kijiji imeiva, tunachuma kila siku.

Alhamisi nilimlaza Jovita chini ya mgomba nikaenda kuchuma. Kivuli kikahama, nami sikuona. Unajua ngozi ile nyeupe aliyozaliwa nayo haivumilii jua. Mabega yakawa mekundu, yakatoka malengelenge. Mama yako akampaka samli, kama anavyopakwa kila mtoto wa hapa kwetu, lakini akazidi kulia.

Tulipompeleka zahanati, nesi Anatolia aliipangusa samli ile polepole. "Binti, jua limemchoma, nanyi mkaona mmkaange?" Tulicheka, hata mama yako. Akatufundisha tumkande kwa kitambaa kilicholowa maji ya baridi, anyonye mara kwa mara, malengelenge tusiyapasue, na akitoka nje avae mikono mirefu. Leo amelala vizuri.

Majirani wanauliza kama ulikimbilia kisiwani kwa sababu ya rangi yake. Nawajibu kwamba umefuata samaki. Mimi sijakuuliza, ila najua uliondoka bila kumbeba hata mara moja. Sasa ana miezi saba, na kila mwanamume anayeingia mlangoni, yeye humnyooshea mikono abebwe.

Njoo umbebe, Baba Jovita. Nitakuonyesha pasipouma.

Mimi mkeo ninayekungoja,
Celina