Ukoka Uliojipanga Mstari

Kigamboni, Dar es Salaam

Kaka Amosi,

Shikamoo.

Kwa heshima zote, na mbele ya mashahidi wawili ambao ni mimi na mbwa wa bosi, napenda kuutangazia ukoo wetu mzima, kuanzia Mbozi Mission mpaka Tunduma, kwamba kile kipara kilichokuwa upande wa jikoni kwenye uwanja wa bosi kimeota nyasi. Mama bosi alisimama pale asubuhi na kikombe chake cha chai, akatazama, akasema, "Zaka, angalau." Neno "angalau", kaka, kwa mama huyu, ni nishani.

Baada ya tangazo hilo, nauliza hali. Magoti ya mama yanasemaje na baridi hiyo ya kwenu? Shemeji kikohozi kimemwacha? Watoto wanafika shuleni au wanaaga tu? Mimi ni mzima. Joto la huku nimelizoea kama mtu anavyomzoea mkwe mkali: hulipendi, hulisemi, unakaa nalo. Shati nikilivaa asubuhi, kabla ya chai limelowa kama nimevushwa mto. Naandika kwa mkono kwa sababu simu zangu siku hizi hupokei. Kuna dereva wa lori la Tunduma anayeshusha mzigo jirani na hapa. Yeye ndiye ataibeba barua hii.

Kabla ya yaliyonifanya niandike, nikusimulie jinsi nilivyoanza kazi hii, maana kila nikianza huwa unacheka kabla sijafika mwisho.

Wiki ya kwanza bosi aliniambia, "Zaka, safisha bustani," akaenda kazini. Sasa wewe unajua tulivyolelewa. Mtoto wa mama yetu akiambiwa safisha, anatafuta jembe. Kwetu uwanja wenye nyasi ni uwanja wa mvivu, ama umehamiwa na nyoka. Nikashika jembe. Nikapalilia kutoka getini mpaka kwenye tanki la maji, nikakung'uta mizizi, nikachoma, nikafagia mistari kama mama anavyofagia Jumamosi kwa ajili ya ibada ya kesho yake. Jioni uwanja unang'aa. Nikakaa kizingitini kungojea sifa.

Mama bosi akashuka kwenye gari.

"Zaka, nyasi ziko wapi?"

"Nimezimaliza, mama."

"Umezimaliza?"

"Zote. Hata zile za chini ya mti wa mkungu."

Akakaa chini pale pale kwenye udongo, na gauni lake la kazini. Nilidhani furaha imemwishia miguuni.

Bosi hakunifukuza. Alinipa adhabu iliyo mbaya zaidi: aliniambia nizioteshe mwenyewe. Na nyasi za huku, kaka, zina maringo kuliko bibi harusi. Maji ya kisima chetu yana chumvi. Ukizinywesha hayo zinageuka rangi ya chai. Ukimwagilia jioni, joto na unyevu vinalala pamoja usiku kucha na asubuhi unakuta ukungu, madoa ya kahawia kama mtu ameweka masufuria ya moto. Ukikata fupi sana jua linazichoma, ukiacha ndefu mama bosi anasema amehamia porini. Mvua zikianza wanakuja viwavi, wanakula kwa zamu. Hayo yote nimejifundisha mwenyewe, kwa kuharibu kwanza. Siku hizi kazi yangu ni kuchuchumaa na kung'oa kila kisicho nyasi. Juzi niling'oa mche wa maharage uliojiotea. Niliuomba radhi kimoyomoyo.

Huko nyumbani kazi hii haijawahi kupata heshima. Krismasi ile niliyokuja, wewe ndiye uliyeniita mbele ya watu mchungaji asiye na ng'ombe. "Zaka malisho anayo, mifugo ndiyo bado!" Walicheka mpaka mama akaficha uso kwenye khanga. Nami nilicheka. Ningefanya nini?

Ndiyo maana nakumbuka vizuri siku uliyonipigia mwaka jana. Hukutania. Uliuliza kwa sauti ya upole, "Hivi mdogo wangu, ukoka mnaupandaje mpaka unashika?" Nilisimama, kaka. Niliweka reki chini, nikasimama wima kama nazungumza na mkuu wa wilaya. Nikakueleza kila kitu: chagua vikonyo vyenye vifundo, funga kamba uchimbe mfereji mdogo, mstari na mstari uachane shubiri moja, kanyaga kwa kisigino, mvua zifanye kazi iliyobaki. Nikakwambia na mwisho wake: ukipata mvua ya mwezi mmoja mfululizo vikonyo vinashikana mikono, mistari inapotea, na hakuna atakayejua ulianzia wapi. Ukasema, "Kumbe ni kazi ya akili." Siku ile nililala nikiwa na raha. Nilijiambia, kaka sasa ameniona.

Sasa lililonifanya niandike. Wiki iliyopita Neema alinipigia akiwa kwenye genge lake Tunduma. Unamjua dada yetu, hana siri kwa sababu hasikii anachosema mwenyewe.

"Zaka, nilikuwa nyumbani Jumapili. Shamba lako limependeza!"

"Limependeza vipi?"

"Kijani! Halafu nyasi zenyewe zina adabu, zimejipanga mstari mstari kama watoto wa shule. Subiri, nina mteja wa Zambia. Mulishani bamayo, karibu, maharage ya Mbozi haya, yanaiva kabla hujawasha moto. Eeh, Zaka, nilikuwa nasemaje?"

"Mistari."

"Eeh, mistari. Katikati ya mibuni yote. Nikamuuliza wifi, hizi nyasi zimesomeshwa wapi?"

"Akasemaje?"

"Akaniambia nimalize chai nisije nikakosa gari. Halafu pale uwanja wa mpira wa shule mtu amechimba golini kote, watoto wanadakia kwenye matope. Watu wana roho mbaya sana siku hizi."

Nikamwambia ni kweli, wana roho mbaya.

Kaka Amosi, mimi nimekaa na nyasi kuliko nilivyokaa na watu. Nyasi iliyojiotea haijui kamba. Inaota ilipoangukia, inaruka hapa, inarundikana pale. Nyasi iliyojipanga imepangwa. Na aliyeipanga alipima shubiri, na vikonyo alivichimba golini.

Tusifichane sheria ya kwetu. Magugu mengine shambani ni uvivu wa msimu, wazee wanasamehe. Lakini shamba la aliye mbali likishikwa na ukoka, wanasema mwenyewe amelitupa, na linapewa ndugu aliye karibu. Baada ya Pasaka baba mkubwa atapita na wazee wa ukoo kukagua mashamba kama kawaida. Watakuta ukoka umefunika mibuni ya marehemu baba, ile aliyonipa mimi kitindamimba kwa sababu wewe mkubwa ulikwishapata yako. Na ndugu aliye karibu ni nani? Siyo Neema, huyo ameolewa. Siyo mbwa wa bosi.

Pale stendi ya Mlowo, siku naondoka, ulinishika bega ukasema, "Nenda salama, mibuni yako nitaipalilia kabla ya yangu." Nilikuamini kiasi kwamba sikugeuka nyuma basi lilipoondoka. Sikuona sababu ya kugeuka. Huku mimi ni mtu wa kufungua geti na kufunga. Ile mibuni ndiyo mahali pekee duniani ambapo nikisimama hakuna wa kuniuliza namtafuta nani.

Ungeniomba, ningekasirika, tungenuniana mwaka mzima, mama angelia kidogo, halafu ningekupa mistari ya upande wa barabarani. Wewe hukuomba. Ulinisubiri niwe na furaha ndipo ukaniuliza. Hilo ndilo linalonikaba zaidi ya shamba: mara moja tu katika maisha yangu umeuliza kazi yangu kwa heshima, kumbe ulikuwa unaazima jembe la kunichimbia.

Kwa upande mwingine nimecheka peke yangu. Mimi nilipalilia nyasi za bosi, wewe umepanda nyasi kwenye kahawa. Mama yetu amezaa wanaume wawili na wote jembe limewachanganya. Na kazi yako, kwa jinsi Neema alivyoieleza, ni safi. Kosa ni moja. Mtu anayetaka ukoka uonekane umejiotea hafungi kamba. Sikukwambia hilo kwa sababu sikujua unatafuta nini.

Basi mistari hiyo ndiyo shahidi wangu. Nimeomba ruhusa. Nitafika kabla ya wazee, nitasimama na baba mkubwa katikati ya mibuni, na sitasema neno. Nitanyoosha kidole tu. Lakini ukiwahi kuung'oa mwenyewe, mizizi yote, ukauchoma, nitakuta shamba safi, nitakuamkia, tutakunywa chai, na mama hatajua kamwe. Hiyo ndiyo heshima ya mwisho niliyobaki nayo kwa ajili yako. Itumie.

Mwambie mama dawa ya magoti nitampa dereva safari yake nyingine, na asifagie uwanja kabla jua halijatoka. Shemeji mwambie nashukuru kwa kumharakisha Neema na chai. Watoto wako waambie baba mdogo anawakumbuka, hasa yule anayedaka golini. Baba mkubwa mpe shikamoo yangu, na usimpe zaidi ya hiyo.

Ni mimi mdogo wako, ambaye bado anakuita kaka kwa sababu hakufundishwa neno lingine,

Zakaria

Nimeifungua tena bahasha niongeze kidogo. Neema anasema huko mvua haijakatika tangu Jumapili ile. Bosi naye amenijibu: ruhusa hakuna, masika nyasi za hapa hukatwa kila wiki.