Marehemu Anaimba Kila Jumapili, Mke Wangu Amerudi Kwao

Mama Orpa mpendwa, nisikilize na mimi leo, maana nasoma ukurasa wako tangu zamani, unavyowajibu watu wa ndoa zilizoharibika na wakwe wasioelewana, na siku zote nilikuwa najisemea hawa watu wanayatoa wapi matatizo ya namna hii, kumbe langu lilikuwa njiani linakuja, na langu limezidi yao, kwa sababu nimebanwa kati ya mke aliye hai na mke aliyekufa, na wote wawili wanaimba katika kwaya moja.

Usicheke, ngoja nieleze tangu mwanzo. Mimi naitwa Damas, ni karani wa bohari hapa Likasi, na Jumapili napiga kinanda parokiani. Ujanani nilikuwa katika okestra ya serkle, yaani klabu ya wafanyakazi, ile miaka watu walikuwa wanapiga pasi suruali tangu Ijumaa kwa ajili ya dansi ya Jumamosi, na mkuu wetu, mzee Léon, alileta kutoka Ndola mashine ambayo hapa mjini hakuna aliyewahi kuiona, bapa, nyeusi, nzito kweli, yenye masikio ya chuma ya kuifungia kwa skrubu ndani ya kabati pamoja na amplifaya, haina kibonye hata kimoja cha kinanda, mbele ina kioo kidogo cha kijani, vitufe vichache, tundu la maikrofoni na mdomo mwembamba wa kumeza disketi, basi. Tuliiita sampla. Kazi yake ni kunasa sauti. Unaipa sauti yoyote, ya mlango, ya mbwa, ya mtu, inaikamata kwa sekunde chache tu, halafu unaiunganisha na kinanda kwa waya na sauti ile inageuka kuwa noti, ukipanda juu inakuwa nyembamba na ya haraka kama ya mtoto, ukishuka inakuwa nzito na ya kujikokota, na ukiwa na subira ya kutafuta mahali ambapo mwisho wa sauti unafanana na mwanzo wake, unapaunganisha, sauti inazunguka humo bila kuomba pumzi, kadiri kidole chako kinavyobaki kimebonyeza.

Mzee Léon alipozeeka aliniachia mashine hiyo, na mimi, Mama Orpa, niliunasa mji huu. Nilinasa king'ora cha kiwanda kilichokuwa kinawaamsha baba zetu, nilinasa treni ikiingia stesheni, nilinasa mama zetu wakitwanga mihogo uani, wawili kwa kinu kimoja, na mvua ya kwanza juu ya bati, na kwa kweli nikikaa peke yangu nikaweka disketi hizo nilikuwa najiona niko mtoto tena, nimetumwa chumvi na nimesahau kurudi. Leo nyingi zimekufa kwa ukungu. Ile ya king'ora iliondoka mwaka juzi, niliiweka, mashine ikakoroma, kioo kikaandika kwamba hakisomi kitu, nikakaa pale chini nikalia, mtu mzima na mvi zangu.

Na nilimnasa Mathilde, mke wangu wa kwanza. Wakati huo ndugu zake wote walikuwa wameshapanda treni kwenda Kasai, ile miaka mibaya unayoijua, watu wa Kasai walipofukuzwa huku kwetu, wakienda mahali ambapo wengine wao hawakuwahi kukanyaga, yeye akabaki Likasi kwa sababu yangu. Siku niliyomnasa alikuwa anakaanga samaki, nikamwita, akaja na mwiko mkononi, akainama kwenye maikrofoni akaniuliza, "Minye niseme nini mu hii kintu?" Nikamwambia, "Useme tu aaa." Akaimba ya chini, ya katikati na ya juu, nikazinasa zote tatu, ili nikipanda na kushuka kwenye kinanda asigeuke mtoto wala mwanaume, abaki Mathilde. Mzee Léon alinishauri nikate ile pumzi anayovuta kabla ya kuanza. Sikuikata.

Mathilde alifariki bila kuniachia mtoto. Siku ya kuondoa msiba, kutosha kilio kama tunavyosema huku, mdogo wake wa kike, Berthe, alikuja na wazee wa kwao kutoka Mbuji-Mayi, huko Kasai, nikawakabidhi vitu vyote vya marehemu kama desturi yetu inavyotaka, nguo, sufuria, cherehani, hata kitana, na disketi haikuniingia akilini kabisa, nani angefikiria disketi. Baadaye kwaya ikapungukiwa sauti za juu, nikaweka ile disketi Jumapili moja tu, kujaribu, na waimbaji wa zamani wakanitazama, wengine wakajifuta macho, na tangu siku hiyo Mathilde hakukosa misa. Mashine inatoa hadi sauti kumi na sita kwa pamoja, kwa hiyo Pasaka nilikuwa na kwaya nzima ya Mathilde peke yake.

Kisha nikamwoa Viviane, mtu wa Kakanda, tukamzaa Reine, na Viviane ni mke mwema, sina la kumlaumu, ndiye anayenishikia bati la biskuti lenye disketi kila Jumapili, maana mashine hii ukiizima au umeme ukikatika inasahau kila kitu, inabidi uijaze upya tangu mwanzo, disketi moja baada ya nyingine, watu wanakohoa wanangoja, na umeme wa kwetu unaujua mwenyewe. Na hata ukiijaza inabeba kidogo, ukitaka sauti safi unapata muda mfupi, ukitaka muda mrefu sauti inakuwa ya kukwaruza, leo simu ya mtoto inaishinda, hata Viviane aliwahi kuniomba kwa utani nimweke na yeye humo, nikamwambia imejaa, akacheka, tukaendelea na mazoezi. Alipouliza ile sauti ya juu ni ya nani nilimwambia imekuja na mashine kutoka Japani. Lilinitoka tu mdomoni, Mama, na baada ya hapo ningelirudishaje?

Mwezi uliopita Berthe alikuja Likasi kwa arusi ya mtoto wa binamu yake, akaja misa. Wakati wa komunyo nilibonyeza ile noti ya juu, taratibu, na kabla kwaya haijaingia nikasikia mtu anapiga kelele katika mabenchi ya akina mama, "Yaya! Njo yaya Mathilde huyu! Mulimuficha wapi?" Alikuwa Berthe, anamwita dada yake mkubwa, amesimama, kitambaa kimeanguka, anatazama juu kwenye spika kama mtu anayetafuta dirisha. Padri alibaki na hostia mkononi. Watu wote wakageuka kwangu, na Viviane akiwa ubavuni mwangu na bati lake akatazama kidole changu, maana, Mama Orpa, sijui ni kitu gani kilinishika, kidole sikukiinua, na Mathilde akawa anaendelea kuimba, anaendelea tu, hadi mwimbaji mmoja alipochomoa waya.

Nyumbani Viviane alisema maneno machache. "Papa Reine, uliniambia ni sauti ya Japon. Kwaya yote banajua, minye tu njo sijue. Mubakie naye bien mu mashine yenu. Minye, place yangu haiko." Akafunga nguo zake na za mtoto akapanda gari la Kakanda, na simu yangu haipokei. Berthe naye hajarudi Mbuji-Mayi, yuko kwa binamu yake, kila asubuhi anakuja mlangoni kwangu. "Shemeji, siku ya kutosha kilio ulisema umetupatia vyote. Sauti ya yaya ni ya kwetu. Utupatie." Na disketi ya Mathilde inayosomeka imebaki hiyo moja.

Juzi niliiweka nikatafuta mahali pa kufuta. Kioo kikaniuliza kama nina hakika. Nikabonyeza hapana, nikazima. Nikiifuta nitakuwa nimemzika Mathilde mara ya pili kwa mkono wangu, nikimpa Berthe nabaki bila kitu, nisipofanya lolote Reine atakulia Kakanda bila baba. Nimsikilize mwanamke yupi kati ya hawa watatu? Nakungoja wewe tu.

Damas, Likasi

MAMA ORPA ANAJIBU

Papa Damas, pole kwa Mathilde. Naisema hiyo kwanza na naisema kwa moyo wote, kwa sababu baada ya hapo nitakugombeza.

Nilipofika kwenye king'ora niliiweka barua yako mezani. Mimi pia nililelewa na king'ora hicho. Mama yangu alikuwa anaanza kusonga bukari, ugali wetu, kikilia mchana, na baba akisukuma mlango sahani iko tayari, na sisi watoto tunajua siku imefika katikati. Nilikuwa nimekwisha kukubali kwamba sitakisikia tena hadi nife, na leo najua kulikuwa na mtu hapa hapa mjini aliyekuwa nacho katika bati la biskuti, akakiacha kiote ukungu. Hasira yangu ya kwanza ni hiyo. Ungekigawa kwa watu, kingekuwa hai hadi leo.

Na hapo ndipo jibu la Berthe lilipo. Yule dada hakuiona familia yake ikikaa pamoja tena tangu ile treni ya Kasai. Unamwacha asimame mlangoni kwako kila asubuhi kuomba "aaa" ya dada yake, na wewe unaniuliza mimi utabaki na nini? Cherehani ukimpa Berthe, kwako haipo tena. Sauti ukimpa, iko kwake na iko kwako. Mashine yako inasoma disketi ikaandika nyingine, wewe ndiye uliyenifundisha kwamba inachonasa kinatunzwa kwenye disketi. Leo hii, umeme ukiwepo, fanya nakala mbili, moja yako, moja yake. Halafu mwite Berthe ndani, mpe kiti, mbonyezee zile tatu, ya chini, ya katikati na ya juu, na yeye azichukue kwa simu yake, pamoja na ile pumzi. Na umwombe msamaha kwamba hukufikiria. Usimchoshe kwa habari za skrubu na waya za mashine.

Kufuta, sahau. Hakuna aliyekuomba ufute. Soma tena barua yako mwenyewe, maneno ya Viviane uliyoyaandika kwa mkono wako. Amesema futa? Amesema mtoe marehemu? Hakusema. Amesema kwake yeye hakuna nafasi. Wewe umesikia wivu, kwa sababu wivu ungekuwa rahisi kwako, ungebaki mjane mwenye huzuni na yeye mwanamke mwenye roho mbaya.

Sasa sikiliza vizuri. Umeniandikia kwamba mashine hiyo ukiizima inasahau kila kitu, kila Jumapili inaanza tupu. Na katika aya hiyo hiyo umeniandikia kwamba Viviane alikuomba umweke humo ukamjibu imejaa. Imejaa nini, Papa Damas? Anayeshika bati ni nani? Ni yeye anayekuona kila Jumapili unaijaza kutoka tupu, disketi anakupa yeye, moja moja. Alijua palepale kwamba unamdanganya. Alicheka kwa sababu mlikuwa mbele ya watu wa kwaya, angefanya nini kingine? Amekaa na hilo miaka hii yote, anakushikia bati, na siku Berthe aliposimama ndipo alipojua ile nafasi uliyomnyima ilikuwa ya nani.

Na jambo lingine linaniuma kwa niaba yake. Kwa barua yako mimi nimemfahamu Mathilde: samaki, mwiko, pumzi yake. Treni naifahamu, mvua naifahamu, najua kioo cha mashine yako ni cha rangi gani. Viviane anaimba katika kwaya yako, analala nyumbani kwako, na sijui kama sauti yake ni nene au nyembamba. Hukuandika hata neno moja.

Kwa hiyo utafanya hivi. Jumapili hii usiiwashe mashine, kwaya iimbe na sauti ilizonazo. Mwombe padri misa ya kumkumbuka Mathilde, itangazwe kwa jina lake, Berthe akiwepo, na siku hiyo Mathilde aimbe wazi kwenye mashine, kila mtu akijua ni yeye. Baada ya hapo awe anaimba Novemba, siku ya marehemu wote. Jumapili za kawaida apumzike, ametumika sana.

Kabla ya misa hiyo utaenda Kakanda. Uende mwenyewe, usitume mpwa, usitume ujumbe wa simu. Upitie kwanza kwa mjomba wake, maana kwao mjomba ndiye mwenye neno, kama mkwe mwenye adabu, ukae mahali utakapoonyeshwa. Sampla iache nyumbani, na usiende kumwahidi kwamba utamnasa, maana sasa hivi itakuwa kama unamtupia pipi mtoto anayelia. Akitaka siku moja, ataomba tena, na safari hiyo utakuwa tayari. Reine akikurukia mpokee, lakini usijifiche nyuma ya mtoto.

Ukiwa mbele ya Viviane sema sentensi moja tu: "Siku ile ilikuwa haijajaa." Usiongeze kitu, usieleze kumbukumbu ya mashine, usitaje Japani. Ukae kimya aseme yeye, kwa muda wowote atakaotaka, hata kama anakutukana mbele ya mjomba, na wewe umsikilize jinsi anavyovuta pumzi kabla ya kuanza.