Picha Yako Imefika Mjini

Jang'ombe, Unguja
Jumatatu

Kwa dada yangu Bi Mashavu Simai, Uroa.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo dada. Natumai barua hii itakukuta mzima, magoti yamekupumzisha kidogo, na mwanao Nassra na wanawe hawajambo. Mimi mwili haujambo, namshukuru Mungu. Najua utashangaa kuuona mwandiko wangu baada ya miaka mitano. Nimeandika kwa herufi kubwa ili uvae miwani uisome mwenyewe. Nakuomba usimpe mtu akusomee.

Tangu nistaafu ualimu nyumba imekuwa kimya mno. Mume wangu, Mungu amrehemu, hayupo, na watoto unajua sikujaaliwa. Napika wali wa mtu mmoja na bado unabaki. Siku nyingine jioni inafika sijasema neno lolote ila kuitikia hodi ya muuza maziwa. Ndipo nikaenda kujitolea katika jumba moja la sanaa Mji Mkongwe, kila Jumanne na Alhamisi. Kazi yenyewe si nzito. Nakaa kwenye kiti chumba cha juu, nawaeleza wageni picha ni ya nani, nawakataza kugusa. Wanatazama, wananishukuru, wanashuka ngazi. Mwenzangu wa zamu ni Bi Bashira wa Kiembe Samaki, mjane kama mimi. Huja na chupa ya chai ya tangawizi, na hunimiminia mimi kabla hajajimiminia yeye.

Wiki iliyopita, siku ya Jumanne, msimamizi wetu Bwana Amour alituita sote tunaojitolea atupe habari za maonesho yanayokuja. Alisema mwezi ujao yataletwa masanduku ya zamani yaliyopambwa kwa njumu za shaba, kisha michoro ya wanafunzi. Lakini kabla ya hayo, Jumamosi hii, ni picha za wakulima wa mwani wa pwani ya mashariki, alizopiga Shahida. Utamkumbuka, yule binti mwembamba aliyekuwa akiingia nanyi majini na kamera yake wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali. Amour akazipanga picha mezani, nasi tukazizunguka. Ya tatu ulikuwa wewe.

Umesimama maji yakikufika magotini, kamba ya mwani begani, kanga umeifunga kichwani kama alivyokuwa akifunga mama. Umekonda, dada. Chini yake Shahida ameyaandika maneno uliyomwambia, na Bi Bashira akayasoma kwa sauti: "Nna mdogo wangu mjini, mwalimu. Ana shughuli nyingi, haji siku hizi, lakini yupo." Kisha akalisoma jina lako na la baba, akanigeukia.

"Simai huyu ni wa kwenu?"

Nikamjibu kwamba majina hufanana.

Sikuishia hapo. Watu walipotawanyika nilimfuata Amour ofisini kwake, nikamwambia picha ile haiko wazi, afadhali aiondoe. Alishangaa. Alisema ndiyo aliyoipenda kuliko zote, na kwamba Jumamosi asubuhi gari litakwenda Uroa kuwachukua wanawake wote waliopigwa picha, waje wajione ukutani.

Sasa nikwambie kwa nini. Ramadhani ya mwaka jana tulialikwa futari pale pale, kila mtu aje na jamaa yake mmoja. Mimi nilikwenda peke yangu. Mzee Hamad, anayekaa mlangoni, akaniuliza kama sina mtu. Nikasema, "Nilikuwa na dada." Nilitaka kuendelea, niseme kwamba tumekosana, nikaona haya. Wao wakasema Inna lillahi. Ningeweza kuwasahihisha papo hapo, tende bado iko mkononi. Sikuwasahihisha. Bi Bashira akaniuliza ulikuwa na maradhi gani, nami nikamjibu ni presha. Wakainua mikono wakakusomea Fatiha, dada, na mimi nikainua yangu nikaitikia Amin.

Nimekuzika nawe u hai. Ilikuwa rahisi kwangu kusema umekufa kuliko kusema ulinipigia simu mara mbili, nikaitazama ikilia mpaka ikanyamaza. Kwenye msiba wa mama ulisema mbele ya wanawake kwamba nimekuja kuzika, kuuguza sikuja. Nikaondoka siku ya pili kwa hasira, na hasira hiyo nimekaa nayo miaka yote hii kana kwamba ulinisingizia. Hukunisingizia. Ulimwosha na kumgeuza kitandani miaka miwili, mimi nikaleta udhuru wa mitihani.

Alhamisi nilimweleza Bi Bashira. Aliweka kikombe chini. "Tumemsomea Fatiha, Radhiya," alisema. Leo asubuhi tulipokutana kuandaa maonesho, nimewaeleza wote mbele ya Amour. Mzee Hamad amesema hatakaa tena zamu moja na mimi, na simlaumu. Bi Bashira alinimiminia chai, kisha akachukua yake akaenda kuinywa chumba cha chini.

Kesho Amour anakuja huko kuleta mialiko, na barua hii nampa yeye. Sikutaka uyasikie haya kwa mtu atakayekushangaa kwamba unatembea. Simu sikuthubutu, ungenisikia nalia, ukanionea huruma kabla ya kujua nililokutendea.

Sikuombi unisamehe Jumamosi hiyo. Hata ukinipita bila kunitazama, nitakuwa nimestahili. Nakuomba upande gari tu, uje uione picha yako, ni nzuri kweli. Amour amenipa zamu ya mlangoni Jumamosi, peke yangu. Nitakuwa nimesimama pale tangu saa mbili.

Nisalimie Nassra na wanawe, na jirani yeyote ambaye bado ananiulizia.

Wassalaam.

Mdogo wako,
Radhiya Simai