Mapigo ya Watasema

Kisugu, Kampala
Alhamisi, 12 Septemba 1974

Kwa dada yangu mpenzi Kulusum, Kibera,

Asalaam alaikum. Namwomba Mungu barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji na watoto wote, na lile goti lako liwe limekubali kukufikisha sokoni bila kunung'unika. Sisi huku tunaamka na tunalala, alhamdulillahi. Matoke yapo, mvua ipo, sukari ndiyo imekuwa kama jamaa aliyehama bila kuaga. Mansur yu mzima na cherehani yake inakwenda. Amenituma nikusalimu, ingawa hajui nakuandikia mambo gani.

Barua hii anakuletea Sadiq, mtoto wa shangazi, aliyepata safari ya lori la kahawa. Usimpe mtu mwingine aisome, na ukishaimaliza itie jikoni, kwenye moto.

Uliniuliza mbona siku hizi naandika mistari michache kama mtu mwenye jino bovu. Dada, nilikuwa naona haya. Wenzangu wakiwa na mke mwenza wanajua pa kumtazama na wanajua la kumwambia. Wangu mimi ana miguu minne na analala chini ya dirisha langu.

Unamkumbuka Watasema, yule mbwa wa kahawia mwenye sikio moja lililotafunwa? Ulipokuja harusini ulimkanyaga mkia. Aliyempa jina lile ni mwenyewe wa kwanza, Santina, muuguzi wa Kiacholi. Wakati huo majirani walikuwa wananong'ona kwamba yeye na fundi Mansur wanapendana, naye akamwita mtoto wa mbwa Watasema, ili kila akimwita wamsikie. Walitaka kuoana. Kwao walikataa Mwislamu, kwao Mansur walikataa Mkristo. Kisha yakaja mapinduzi ya mwaka wa sabini na moja, kaka yake aliyekuwa askari akauawa kambini na askari wenzake, na yeye mwenyewe, akiwa zamu wodini, aliona majeruhi wa kabila lake wakitolewa vitandani na kupakiwa kwenye lori. Aliyeona mambo kama hayo hakuachwa. Alikimbia, akamwachia Mansur mbwa.

Haya yote niliambiwa kabla ya nikahi, na mimi nikajibu kwa maringo kwamba yaliyopita si ndwele. Sikujua kwamba yaliyopita yanaweza kulala uani, yakakohoa, yakapikiwa uji wa mifupa na mume wako mwenyewe. Nilimwambia Mansur kwamba malaika hawaingii nyumba yenye mbwa. Akanijibu kwamba malaika wakizuiwa, majambazi hawa kondo nao wanazuiwa, na mwaka huu kondo wenye bunduki ndio wanaobisha hodi kwa wingi zaidi. 

Sasa sikiliza. Siku moja mwezi wa Ramadhani ulipokuwa unakaribia, nilirudi kutoka kwenye foleni ya sabuni nikamkuta Watasema amelala kando ya ukuta, hakuinuka kunibwekea kama desturi yake. Alikuwa amekonda mgongo lakini tumbo limejaa. Nikachukua mafuta ya taa nimtoe kupe, maana Mansur alikuwa dukani na mimi sina moyo wa kumwona mnyama analiwa, hata awe yule. Mkono wangu ukapita nyuma ya kiwiko chake, kifuani. Dada, moyo ule ulikuwa unakwenda kama cherehani iliyolegea mkanda. Unashona, unashona, unateleza, unanyamaza hadi unadhani umekufa, kisha unakimbia ovyo kufidia. Nilingoja labda ni pumzi. Aliposhusha pumzi akatulia, moyo bado ulikuwa unaruka.

Nitakwambia kweli kwa kuwa wewe ni tumbo moja na mimi: nilifurahi. Niliingia ndani nikakoroga ugali wa posho huku naimba. Nilijisemea kwamba atakufa kifo cha Mungu, hakuna atakayenilaumu, na uani kwangu patakuwa pangu.

Furaha ile haikulala. Jioni mbwa alikohoa kama mzee, akaanguka upande, miguu ikakakamaa, halafu akasimama akanitazama kana kwamba yeye ndiye aliyenikosea. Nikamwambia Mansur. Mume wangu alitupa mkanda wake wa kupimia, akapiga magoti katika matope na kanzu yake safi, akaweka sikio kwenye mbavu za mbwa. Alikaa hivyo muda mrefu, macho amefumba.

Dada Kulusum, tangu anioe hajawahi kuweka sikio kifuani pangu. Mimba yangu ilipoharibika alisimama mlangoni akaniuliza kama nataka chai.

Daktari wa wanyama tuliyekuwa naye mjini alikuwa Mhindi, aliondoka na wenzake walipofukuzwa. Mansur akasema amesikia kuna mwingine Kamwokya, jina lake Opoka, atampeleka huko. Basi kila Ijumaa baada ya swala akawa anamweka mbwa katika sanduku la mbao nyuma ya baiskeli, amemfunika gunia, wanaondoka kama bwana na bibi harusi. Mara ya kwanza nilishukuru. Mara ya pili niliona mbwa akiliona sanduku tu anatikisa mkia na kulia kwa hamu. Nani amewahi kuona mbwa anayependa kwenda kwa daktari? Na waliporudi, manyoya ya shingo yalikuwa yamepakwa mafuta yale ya wanawake wa kaskazini, yenye harufu ya karanga na moshi. Nikauliza Opoka anatumia dawa gani. Mansur akasema sijui, dawa tu. Hakunitazama.

Ijumaa iliyofuata nilijifunika, nikatangulia Kamwokya, nikakaa kwa mama mmoja anayeuza mihogo karibu na kinu cha unga. Mansur akapita na baiskeli yake bila kunitambua. Akaingia uchochoroni, akagonga mlango wa chumba cha nyuma, mlango ukafunguka kidogo na mbwa akaingia kabla ya mtu. Nilimsikia analia kwa furaha, mgonjwa yule asiyekuwa na pumzi ya kubweka. Hapo sikuhitaji kuambiwa jina. Nikainuka, nikagonga.

Mansur alipofungua alibaki na mkono kitasani. Nyuma yake alikuwa mwanamke amekaa chini, mbwa amempandia mapajani. Nilikuwa nimemtengeneza kichwani mwangu miaka yote, mrefu, mwenye shingo. Huyu alikuwa mwembamba, nywele fupi zimeanza mvi, miguu imepasuka kama ya mtu aliyetembea usiku mwingi. Hakushtuka. Alisema, "Karibu, Hajara. Funga mlango kwanza, tafadhali."

Alijua jina langu. Hilo nalo liliniuma.

Mansur alieleza huku ananitazama miguuni. Askari walikuwa wamefika hadi kijijini kwao Santina kumtafuta, akaona mji mkubwa ndio msitu mzuri zaidi, akarudi. Miezi kadhaa amekuwa akimpelekea chakula. Mbwa hakuwa amemleta kabla, hadi nilipogundua ule moyo, na yeye hamjui muuguzi mwingine; Opoka alikuwa jina la kubuni tu. Aliapa kwamba hapajakuwa na lolote la haramu kati yao. Nilimwamini? Sijui, dada, na wewe usiniulize.

Santina hakujitetea hata kidogo. Alikuwa bado ana kipimo chake cha kusikilizia moyo, akakiweka kwenye mbavu za Watasema, kisha akakitoa masikioni mwake akanivisha mimi. Akasema yeye amesomea watu, si wanyama, lakini anajua kwamba moyo wa mbwa huweza kwenda mbio akivuta pumzi na kupunguza akiishusha, hilo si ugonjwa. Huu wa Watasema unaruka mapigo hata pumzi ikiwa imetulia, na maji yameanza kujaa tumboni. Vidonge vidogo vitamsaidia kukojoa, chumvi akatazwe, mteremko wa Kisugu asiukimbie. Kupona haponi. Nilisikia ule mkanda uliolegea ukipiga ndani ya kichwa changu. Akaniuliza nani aliyegundua. Nikasema mimi. Akamgeukia Mansur akacheka kidogo: "Wewe ungeishi naye hadi afe, ukidhani ni uvivu."

Nilitaka kucheka naye. Nilichukia kwamba nilitaka.

Usiku huo na siku zilizofuata sikula vizuri. Kila Mansur alipopiga cherehani nilijiuliza anamwaza nani. Ndipo nikajifunga gurbaba yangu nzuri, lile vazi la sherehe, nikapanda Mbuya kwa Muhamadi, mtoto wa mjomba, ambaye siku hizi ni mkubwa jeshini na ana redio tatu sebuleni. Dada, unajua nilikwenda kufanya nini. Sitaki uandike kwamba hujui. Neno moja tu, chumba cha nyuma karibu na kinu, lingetosha.

Mkewe alinipa chai yenye sukari nyingi hadi nikaona aibu kuinywa. Muhamadi alifurahi kuniona. Akasema wanawake ndio masikio ya serikali, akasimulia huku anacheka habari za bibi mmoja aliyekuja kumsemea mke mwenza wake kwa ugomvi wa sufuria. Walimchukua yule mke mwenza, na walipokuwa hapo wakamchukua na mume pia, maana gari lilikuwa na nafasi. Bibi anakuja kila asubuhi kuuliza. Sufuria anayo.

Kisha akanigeukia. "Na wewe? Sema tu, dada. Hapa kwangu hakuna mtu wa kuogopa."

Nilifungua mdomo na sikujua litatoka neno gani. Nikajisikia nasema kwamba wifi yangu Maimunah, dada yake Mansur, ana ugonjwa wa tumbo, anataka kwenda Nairobi kwa dada yangu akatibiwe, na ninaogopa vizuizi vya barabarani. Kama angeniandikia karatasi. Mansur hana dada, unajua. Muhamadi hakumbuki mambo ya harusi yangu, alikuwa amelewa. Aliandika palepale, akagonga muhuri, akaniambia nimsalimie fundi.

Usinisifu. Sikuwa mwema siku ile. Wivu ndio ulionipandisha Mbuya, na wivu huohuo ndio ulionishusha. Niliona kwamba nikimtoa Santina kwa njia ya askari, Mansur atamlilia maisha yake yote, kama yeye mwenyewe hatachukuliwa pia. Nikimtoa kwa njia ya Nairobi, atakuwa mbali tu. Mtu aliye mbali anazeeka. Maiti hazeeki.

Basi mwanamke atakayekubishia hodi, au aliyekwisha kubisha, mwenye karatasi ya Maimunah na buibui langu jeusi, ndiye Santina. Mpokee. Mpe mahali pa kulala, asikae barazani, na umwulizie kazi ya kuwahudumia wagonjwa, maana mikono yake ni mizuri. Hali pilipili.

Sasa kuna jambo jingine, na hili ndilo lililonifanya niandike.

Jumanne nilimpeleka basini mwenyewe, asubuhi, Mansur akiwa dukani anapima suruali za watu. Watasema nilimweka katika kikapu cha matoke, nikamfunika kitambaa, nikambeba kichwani hadi Kamwokya, akaagane na mwenyewe wake. Santina alimshika kifuani, hakutumia kipimo, mkono tu. Mbwa alimlamba kiganja, pumzi juu juu. Kisha Santina akainua macho akatazama uchochoroni nyuma yangu, akaniuliza, "Mansur hakuja?"

Nikamwambia hakupata nafasi.

Alinitazama kidogo tu. Alijua. Alinishukuru, akainama akapita mlangoni, nikamfikisha kituoni, na basi likaondoka.

Mbwa nilimletea akamuaga, dada. Mume wangu sikumletea. Mansur hadi sasa hajui. Leo jioni amepangusa sanduku la mbao na kulitandika gunia safi, na nimemsikia akimwambia Watasema kwa sauti ya chini avumilie, kesho ni Ijumaa.

Nisalimie shemeji kwa heshima zote, na watoto wote mmoja mmoja, na jirani yako niliyemwahidi ufuta. Santina akikaa na wewe, mtendee wema, lakini usimpende kuliko unavyonipenda mimi. Na akikusimulia habari za Mansur, uniandikie kila neno. Hapana. Usiniandikie hata moja.

Ni mimi mdogo wako, anayekuombea uzima,

Hajara