Kijiti Chenye Jina Langu

Mutua,

Huna adabu. Nakuambia Mwalimu Kilonzo amefariki, na wewe unaniuliza kwenye simu, "Kwani alikuwa nani wetu, nyanya?" Mamako hajambo, na huku Kayole mvua imenyesha. Sasa soma vizuri.

Alikuwa mwalimu wangu wa kilimo. Kila mtoto alikuwa na tuta lake katika shamba la shule, na kijiti chenye jina. Nilipotolewa shule darasa la tano, na usiniulize kwa nini, nilidhani tuta langu amepewa mwingine. Jioni moja nikapita karibu na ua wa shule, nikaona kijiti changu bado kipo na mwalimu mwenyewe analima.

"Wewe, unachungulia nini? Kamata jembe."

"Mwalimu, mimi si mwanafunzi tena."

"Udongo haujui hilo. Vunja mabonge hayo kwanza. Mche haulali vizuri juu ya mabonge."

Tukapanda kabeji, na nikaja kila jioni mpaka nikavuna. Hiyo sukuma wiki ya kwenye magunia iliyowalea wewe na mamako, ulidhani nilizaliwa nikijua kuipanda?



Mazishi ni Ijumaa, huko Kangundo. Omba ruhusa kazini uje. Magoti yangu hayawezi tena, kwa hivyo jembe utashika wewe kwa niaba yangu. Na kabla hujamrudishia udongo, vunja mabonge yote.

Nyanya yako