Chafya Darasani Kedowa

Jumanne, 4 Machi

Tumepoza uji tena leo na watoto wa chekechea, uji wa kuigiza, mchezo wa kupumua. Viganja viwili vinakuwa kikombe. Nusa polepole, uji unanukia. Puliza polepole, usimwagike. Kevo akasema wake umeingia nzi, akaumwaga mgongoni mwa jirani yake. Vita. Baada ya vita tukapumua kama nyuki, midomo imefungwa, mpaka nikahisi meza inatetemeka. Mwalimu Betty anasema uji huo yeye huupoza akiwa kwenye mkutano wa wazazi.

Nashukuru kwa hizi siku mbili za wiki ninazokuja kuwachezesha. Nakaa Londiani, chumba cha kupanga, tangu tulipotoka kambi ya waliofukuzwa makwao baada ya uchaguzi. Lakini shamba letu lilikuwa hapa Kedowa, ng'ambo ya kanisa. Sikutarajia kuitwa tena huku, sembuse kuitwa Guka, babu kwa Kikuyu changu, na watoto wa Kikipsigis. Michezo hii niliiona kambini. Muuguzi mmoja aliwafundisha watoto wetu ndani ya hema, nami nilikuwa nimeshika mlango upepo usiingie.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua ya mawe baada ya chakula cha mchana. Darasa halina dari, ni mabati tu. Cherop, mtoto wa miaka mitano, akavuta pumzi na asiitoe. Midomo ikabadilika rangi. Akaanguka. Betty alimpepea, mimi nikampuliza usoni, akarudi. Zahanati walishampima: moyo mzima, mapafu mazima. Ni hofu ya ile sauti.

Mwalimu mkuu ameogopa. Amesema ikitokea tena, mtoto akae nyumbani mpaka mvua ziishe. Mvua za hapa haziishi. Atakaa nyumbani mwaka mzima.

Na Cherop ni jina la msichana aliyezaliwa mvua ikinyesha.

Mimi pia siipendi sauti hiyo. Mwaka ule tuliofukuzwa ilianza hivyo, mawe juu ya paa. Ya kurushwa. Sikumwambia mtu.

Jumanne, 11 Machi

Nimefikiri siku zote hizi. Shida ya Cherop si kuvuta pumzi, ni kuiachilia. Nusa uji, sawa. Puliza, anafunga mdomo kama mlango.

Kwa hiyo nikabuni mchezo wa chafya. Watoto wanavuta pumzi kidogo kidogo. Mimi naita majina. Jina likikuwasha pua, unapiga chafya na pumzi yote inatoka. Nilianza na vyakula. Kabichi. Managu. Viazi. Kwa viazi Cherop akapiga chafya ya kuigiza, kubwa, akashangaa mwenyewe. Darasa zima likaanguka kwa kicheko.

Wakataka majina ya watu. Nikaita ya majirani wa zamani, maana ndiyo yaliyonijia mdomoni. Nilipofika kwa Taprandich, mama aliyekuwa akituuzia maziwa, Cherop akapiga chafya ya kweli. Kamasi mpaka kidevuni.

Siku njema kabisa. Nimepika githeri na nimekula yote.

Jumatano, 12 Machi

Betty amepiga simu asubuhi. Kogo Raeli, nyanya anayemlea Cherop, amemtoa shule. Nilielewa kabla hajamaliza kusema.

Nimeishi na Wakipsigis nusu ya maisha yangu. Najua jinsi mtoto mchanga anavyopewa jina la ukoo. Kina mama wazee wanakusanyika, ugoro kidogo puani, wanaita waliotangulia mmoja mmoja. Jina ambalo mtoto atalipigia chafya, basi huyo ndiye aliyerudi. Nimewahi kualikwa. Nimekunywa chai ya siku hiyo. Halafu nasimama mbele ya darasa nafanya yaleyale kwa mchezo, na kwa majina ya wafu.

Taprandich alikuwa mama yake Raeli. Hilo nalo nililijua.

Betty alianza kucheka, akaacha. Nina aibu. Pia nina hasira: mtoto alikuwa ameanza kutoa pumzi.

Alhamisi, 13 Machi

Kogo Raeli alikuja mwenyewe, kitambaa cha kanisa kichwani, mwavuli mkononi kama fimbo. Hakunisalimia.

"Wewe mzee wa Londiani, nani alikutuma kwa mama yangu?"

Nikasema ulikuwa mchezo.

"Mchezo? Umemwita, amekuja. Amesimama hapa kati ya chaki na viatu vichafu, na hakuna mtu hata mmoja amemwambia karibu. Hata chai! Nyinyi Wakikuyu mnaitaga watu hivyo kwenu?"

Betty akamwambia, "Kogo, si wewe ni wa kwaya? Hayo si ya zamani?"

"Kwaya ni Jumapili, mama. Leo ni Alhamisi."

Akaondoka. Nilitaka kucheka, sikuweza. Cherop hakuwepo. Mahali pa kiti chake walikuwa wameweka kabati la vitabu.

Nilipokuwa naondoka Betty akanipa shauri moja tu. Usimwombe Raeli msamaha, akasema. Aliyekosewa ni yule mwingine, uliyemwita.

Jumapili, 16 Machi

Nimeenda baada ya ibada. Sukari, majani ya chai, mkate. Raeli alinipa kiti. Cherop alikuwa mlangoni akichambua mboga.

Sikujua pa kuanzia, nikaanza na maziwa. Nikasema Taprandich hakuwahi kupunguza kipimo, hata kiangazi. Nikasema siku tuliyokuwa tunapakia vitu kwenye lori, majirani wengine walikaa ndani, wengine walisimama mbali. Yeye alivuka barabara mchana kweupe na kibuyu cha mursik, yale maziwa yao ya mgando, akampa mke wangu mikononi, akarudi. Mke wangu aliulizia habari zake miaka yote. Tuliposikia Taprandich amekufa, bado tulikuwa hatujathubutu kukanyaga huku. Hatukumzika. Hatukumshukuru.

Raeli aliusogeza mkate kando. Kisha akasema, "Basi kama amekuja, mbona unaniambia mimi? Mwambie mwenyewe." Akaonyesha mlangoni kwa kidevu.

Mimi ni Mkristo na ni mtu wa vitabu. Nilisimama, nikavua kofia mbele ya mtoto wa miaka mitano.

Nikasema, "Asante kwa mursik."

Cherop aliniangalia. Majani ya mboga mkononi.

"Mlimaliza yote?"

"Tulimaliza njiani, kabla lori halijafika Molo."

"Vizuri," akasema, akaendelea na kazi.

Raeli alifunika uso kwa kitenge. Sijui kama alikuwa analia au anacheka. Chai ikaja, na mursik. Sijalia hivyo tangu mazishi ya mke wangu. Nashukuru.

Jumanne, 18 Machi

Cherop amerudi. Raeli amekuja naye, amekaa nyuma kwenye kiti cha chekechea, magoti kidevuni. Anataka kuona. Sharti lake: majina ya chakula tu. Nimekubali kabla hajamaliza.

Mawingu, hakuna mvua. Onyo la mwalimu mkuu bado liko palepale.

Alhamisi, 20 Machi

Ilikuja. Mawe makubwa, kelele hata Betty husikii akipiga kelele. Mwalimu mkuu amesimama mlangoni.

Cherop akavuta pumzi. Akaifunga. Nikamwekea viganja, nusa, puliza. Hakuna. Macho yakamtoka. Mimi mwenyewe nikashindwa kuita hata kabichi moja. Naandika ukweli: niliogopa.

Kevo ndiye aliyeanza. "Viazi!" Kisha wote. "Managu! Kabichi! Chapati!" Kevo akasogea mpaka sikioni mwa Cherop, "Viaaazi!"

"Kevo, nyamaza!"

Ni Cherop. Alimgombeza kwa pumzi yote aliyokuwa nayo, mate yakaruka. Kisha akavuta nyingine, akamgombeza tena, na tena, mpaka mawe yakawa mvua ya kawaida. Hakuanguka.

Raeli alikuwa amesimama. "Huyo ni mama," akamwambia mwalimu mkuu. "Mama kabisa. Hivyo ndivyo alikuwa anatugombeza." Mwalimu mkuu akamtazama Cherop. Akasema mtoto abaki.

Jumanne, 25 Machi

Mvua ya mawe kidogo, wakichora. Cherop akaomba ahamishwe kutoka dirishani, karatasi yake inalowa. Akapuliza karatasi, akaendelea. Hakuniangalia hata mara moja. Nilikaa bila kazi. Nilifurahi sana.

Nilitoka mapema. Nikatembea mpaka ng'ambo ya kanisa, kwenye ua wa lililokuwa shamba letu. Sijawahi kufika hapo tangu nirudi. Mahindi ya mtu mwingine, yamefika kwenye kifundo cha mguu, mistari imenyooka. Mawe yamechana majani. Mahindi yakiwa madogo hivyo hayafi. Kiini cha kuchipua bado kiko chini ya udongo.