Kikopo cha Kifuniko cha Kijani

Jumatatu, 3 Machi

Kliniki tangu saa mbili asubuhi, nimetoka saa saba. Virusi havionekani kwenye damu — mwaka wa kumi na tisa sasa. Nilitegemea hongera na safari ya nyumbani. Badala yake daktari wa moyo, binti mwenye miwani mikubwa, alinilaza, akanipaka kitu cha baridi shingoni, akatazama skrini kwa muda. Nikamsoma uso kama nilivyosoma prufu za vitabu miaka yote ile kwenye kiwanda cha uchapaji: kosa lipo, swali ni mstari wa ngapi.

Lipo. Mafuta yameganda ukutani mwa mshipa wa shingo, upande wa kushoto. Si ya kuziba, ya kuangaliwa. Nipunguze chumvi. Nitembee.

Kisha akaniambia jambo lililonifanya nikae wima. Virusi vilipoingia mwilini, enzi hizo, viliuharibu ukuta wa utumbo. Dawa zimevinyamazisha, ila ukuta haukupona wote. Huenda vipande vya bakteria vinapenya kidogo kidogo mpaka kwenye damu, na mwili unabaki umekunja ngumi miaka nenda rudi. Huenda hilo ndilo linaloichakaza mishipa. Huenda — alilisema neno hilo mara tatu, nikampenda. Kikulacho ki nguoni mwako. Changu kumbe ki tumboni.

Wanafanya utafiti. "Mama, ungetufaa sana." Na shingo yangu ingepimwa kila mwaka. Ila wanataka watu wawili wawili: mwenye virusi, na asiye navyo anayekula naye chungu kimoja. Chakula kiwe kilekile, tofauti itafutwe tumboni.

Nimerudi na vikopo viwili vya sampuli ya choo. Kifuniko cha bluu, changu. Cha kijani, cha mwenzangu. Vinatakiwa Jumanne ijayo.

Chungu kimoja! Nakula na mtu mmoja tu duniani, naye hajui kuwa nina virusi.

Jumatano, 5 Machi

Wifi yangu. Dada wa marehemu mume wangu. Miaka ishirini na minane tangu tukimbie kwetu, hatujatengana hata wiki.

Tulitoka na sahani moja ya bati kwa watu watatu. Kaka yake alipofariki, mwaka wa pili wa ukimbizi, tukabaki wawili na sahani ileile. Imebanduka rangi ukingoni, upande wangu. Wifi hudai nimeitafuna. Kabatini sasa zipo sahani sita. Bado tunakula kwenye hiyo.

Anaamini kaka yake alikufa kwa kifua na baridi ya safari. Ni kweli — nusu. Mume wangu alishapimwa, akakutwa na virusi, kabla hatujakimbia, na alinieleza wiki mbili tu kabla ya kufa. "Dada asijue. Niache nibaki kwake kama nilivyo." Nikaahidi. Dawa zangu humu ndani ni "za presha".

Nikisema langu, nimesema na la kaka yake.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemkuta kwenye cherehani, anamalizia sare za shule. Pembeni yake kikopo cha kifuniko cha kijani, kimejaa vifungo vyeupe!

"Nimekitoa kwenye mfuko wako wa hospitali. Kinafunga vizuri hivi, wewe ulitaka kukitilia nini?"

Nilicheka mpaka machozi. Naye akacheka kwa kuwa nacheka. "Msomi leo kapatikana!"

Hapo ndipo ningepaswa kusema. Nikaomba anipe mashati niyakunje.

Ijumaa, 7 Machi

Nimesema.

Jikoni, anachambua maharage. Nilianza shingoni, nikashuka tumboni, nikataja utafiti na vikopo vyake, nikazunguka sana kabla ya kulitaja lenyewe. Halafu la kaka yake. Hakuinua macho. Mawe huku, maharage huku.

"Nani mwingine anajua?"

Hakuna.

"Ni yeye aliyesema nisijue?"

Ndiyo.

Akasimama, akabandika maji.

Jioni sahani mbili. Mbele yake ile ya bati. Mbele yangu ya maua, ya wageni.

Sikugusa. Najua sahani haiambukizi. Nimesoma kila karatasi iliyowahi kuandikwa juu ya hilo, nyingine nimezisahihisha mwenyewe. Elimu haikunisaidia kitu.

Jumamosi, 8 Machi

Sahani mbili. Nimekunywa chai, nikalala.

Jumapili, 9 Machi

Mchana, sahani mbili. Njaa imenishinda, nimekula. Maharage hayana chumvi! Hata chembe. Nikapeleka kijiko kwenye sahani yake bila kuomba, kwa mazoea. Yake ina chumvi, tena tele kama siku zote.

Akakigonga kijiko changu kwa chake.

"Koma! Si daktari kakukataza? Siku ya tatu hii napika sufuria mbili, mgongo unaniuma, wewe unaniachia chakula kama mke mwenza aliyenuna. Mshipa ukiziba nitagombana na nani humu, na cherehani?"

Nikarudisha kijiko kwenye sahani yangu.

"Lakini bado nina hasira, wifi."

"Najua."

"Si kwa ugonjwa."

"Najua."

"Nilimwogesha mimi. Nilimbeba mgongoni mtu mzima. Halafu asiniamini?"

Akanimiminia maji yaliyobaki kwenye bilauri, akaenda kushona, na leo ni Jumapili.

Itabidi nimuulize daktari kama sufuria mbili bado ni chungu kimoja. Tofauti ni chumvi tu.

Jumatatu, 10 Machi

Kesho ndiyo siku. Sikumwomba. Sitamwomba.

Asubuhi, mgongo kanigeuzia: "Huyo daktari wako atanitoa damu kwanza?"

Kwanza, ndiyo.

"Na hicho kingine?"

Na hicho kingine.

"Mtu mzima na mvi zangu, niingie chooni na kikopo!" Akasonya. Hakurudia tena habari hiyo.

Saa kumi na moja jioni. Niko chumbani, mlango wazi, yeye yuko chumba cha pili. Cherehani imenyamaza kitambo. Sasa hivi ameuliza kutoka kule, kwa sauti ndogo ambayo si yake:

"Wifi. Kaka alikuwa anaogopa?"

Naandika ili nisijibu haraka. Aliogopa, ndiyo. Kifo alikuwa ameshakizoea. Alimwogopa dada yake — kwamba siku moja angekuja kumtazama kwa macho mengine. Nitamwambiaje mtu aliyembeba mgongoni —

Vifungo! Vinamwagwa mezani, vyote kwa mpigo, vingine vinadunda mpaka sakafuni. Sasa maji yanatiririka. Anakiosha.

Kikopo hicho hakifai tena. Muuguzi alisema ndani kisiguswe kabisa. Kesho nitaomba kingine. Hilo halina haja alijue leo.

"Wifi! Nimekuuliza."

Nakuja, nimesema. Bado nimekaa —